Muvi za Mtani

Ukimrudishia muvi hakukuuliza kama ni nzuri. Swali hilo aliliona la wavivu. Aliishika ile CD kwa vidole viwili, akaipuliza, akaitazama kwenye mwanga wa mlango kama mtu anayetafuta mwiba, kisha akasema, "Haya. Umecheka wapi, umelia wapi?" Ukijibu kwamba hukumbuki, siku hiyo hupewi nyingine. Unarudi nyumbani mikono mitupu, ukakumbuke vizuri.

Mtaani kwetu Ujiji wote walimwita Mzee wa Kanda, ingawa mimi nilipoanza kwenda kwake kanda zilikuwa zimekwisha na rafu zimejaa CD. Nami nitamwita hivyo hivyo. Ukoo wake na alikozaliwa naviacha, wapo wanaovijua kuliko mimi. Ninachotaka kueleza ni kazi yake, maana wengi walidhani ni kukodisha muvi. Kazi yake ilikuwa kujua muvi ipi ifuate.

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango ukitazama barabara. Rafu ya chini kabisa iliwekwa muvi za kupigana. Vijana wakiingia aliwaonyesha kwa mguu. "Jichagulieni wenyewe, hizo hazina haja ya ushauri. Anapigwa, anakwenda mafichoni, anarudi, anapiga." Rafu za juu ndizo alizozisimamia mwenyewe, na ya katikati, iliyokuwa usawa wa macho yake, ilibeba zile alizoziita muvi za mtani. Mgeni akiuliza ni muvi gani hizo alijibiwa, "Zile zinazokuja msibani kwako zimevaa nguo za marehemu."

Mimi sikuhitaji maelezo zaidi. Nilikuwa nimeshaiona moja, ikichezwa nyumbani kwetu na yeye mwenyewe.

Baba alitutoka kwanza, na baada ya miaka miwili mama akamfuata. Nilikuwa kidato cha pili. Mdogo wangu wa kiume alikuwa darasa la sita, na kitinda mimba wetu, msichana, ndiyo kwanza alikuwa ameanza la kwanza. Siku ya kuanua matanga wakubwa walikaa kikao uani. Baba mkubwa alitoka Kasulu, shangazi akatoka Uvinza. Shauri lilikuwa limekwisha iva kabla hawajakaa: mdogo wangu wa kiume aende Kasulu, kitinda mimba aende Uvinza, mimi nitafutiwe nyumba ya kufanya kazi mjini, na vyumba vyetu viwili vipangishwe. Walikuwa na huruma, sitasema uongo. Lakini mama alikuwa amenishika mkono hospitalini na kuniambia neno moja tu, "Msitawanyike." Nikasimama nikasema hatuondoki. Baba mkubwa akanitazama kwa upole, upole ule unaouma kuliko kofi.

"Mwanangu, utawalisha nini?"

Hapo ndipo mlango wa uani ulipofunguliwa akaingia Mzee wa Kanda, mtu mnene, mwenye ndevu za mvi, amejifunga kanga ya mama na kubeba kichwani beseni la mama la kuuzia samaki. Watu wa nyumba yake na wa nyumba yetu walikuwa watani tangu enzi za mababu, na mtani msibani hafukuzwi. Alitembea mwendo wa mama kabisa, bega la kushoto limelala kwa miaka ya kubeba beseni. Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo walipiga ukelele. Sikujua kama wanacheka au wanalia, na nadhani hata wao hawakujua.

Akatua beseni katikati ya kikao. "Njooni, samaki wa leo leo! Kasulu, wewe unataka huyu wa kati? Minofu mitupu huyu, chukua. Uvinza, wewe huyu dagaa, hata haonekani, utamtia mfukoni." Kisha akanielekezea kidole mimi. "Tatizo ni hiki kichwa. Kichwa mnataka kukiuza mjini. Haya, uzeni, lakini nani kati yenu aliwahi kuniona mimi napasua fungu? Mtu akinunua kwangu anachukua fungu zima au anaacha."

Ilikuwa kweli. Mama hakuwahi kupasua fungu. Shangazi alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakitikisika.

"Mtani, umetosha. Toka," baba mkubwa alisema, na yeye mwenyewe alikuwa akifuta macho.

"Sitoki mpaka nipewe changu. Ndiyo desturi."

"Sema basi unataka nini."

"Mwaka mmoja. Fungu likae zima mwaka mmoja, likioza nitalitupa mwenyewe ziwani."

Mtani akidai msibani, hanyimwi. Baba mkubwa akatoa hukumu: mwaka mmoja. Lakini siku atakayosikia kwamba mtoto mmojawapo yuko nje ya darasa, atakuja kuwachukua wote wawili, na mimi nisifungue mdomo. Nikakubali. Shule mimi niliiacha wiki hiyo hiyo, nikalichukua beseni la mama na kwenda nalo Kibirizi kununua samaki, mikeke na migebuka, kwa wavuvi.

Basi mtu huyo ndiye ninayemzungumzia.

Alikuwa na elimu yake. Alisema watu wakipenda muvi ya mpishi, wenye maduka wengine huwapa muvi nyingine ya mpishi, kisha wanashangaa kwa nini mteja harudi. "Mgebuka haufuatishwi na mgebuka," alisema. "Huyu hakupenda mapishi. Alipenda pale mpishi alipomdanganya mama mkwe wake kwamba chumvi imekatazwa na daktari, kumbe yeye ndiye amesahau kuitia. Alipenda uongo wa mtu mwema. Basi mpe ile ya dereva wa basi anayemwambia abiria kipofu habari za milima isiyokuwapo." Hiyo ya dereva niliiona. Unacheka njia nzima, mpaka pale kipofu anaposhuka na kumwambia dereva asante kwa milima. Pale nilijificha nyuma ya kanga nisionwe na wadogo zangu.

Alikuwa na sheria pia. Muvi iliyokuliza mwishoni isifuatwe na nyingine ya kuliza mwishoni. Upewe inayoliza mwanzoni, ili kicheko kiwe na mahali pa kwenda. Ya Kihindi ya machozi mengi ifuatwe na ya Kinaijeria yenye maneno mengi, halafu ile ya Kikorea ambayo watu wake hawasemi kitu ila wanakula. Waliotafsiri muvi kwa kuongea juu yake aliwachukia kama wadokozi. "Huyo mtafsiri anacheka kabla yako. Kicheko chako ameshakila." Kiingereza alikijua kidogo, Kihindi hakukijua kabisa, lakini alikaa mbele ya TV mpaka akaelewa nani anamdanganya nani. Mengine, alisema, ni kelele za barabarani.

Sisi nyumbani tulikuwa na TV ndogo ya baba na deki iliyotaka kupigwa ubavuni ndipo ifunguke. Mzee alitupangia muvi za mwaka mzima, kama daktari anavyopanga dozi. Wiki za kwanza alitupa za kuchekesha tupu, za watu kuanguka matopeni. Nilipomwambia kitinda mimba amecheka, aliuliza, "Amecheka kwa sauti au kwa meno?" Nikasema kwa meno. Akarudisha mkono kwenye rafu ile ile. Ilipita kama miezi miwili ndipo nikamwambia amecheka kwa sauti mpaka akamwaga uji, na siku hiyo ndiyo aliyopanda kwenye rafu ya katikati kwa mara ya kwanza.

"Sasa anaweza kulia," alisema.

Alitupa ile ya mzee anayejifunza kuendesha baiskeli ili afike kwenye mahafali ya binti yake, na anafika viti vikiwa vimeshakusanywa. Kitinda mimba alilia kilio ambacho hakulia siku ya kaburini, kisha akauliza kama kuna nyingine. Wadogo zangu walianza kuwahi kurudi nyumbani. Watoto wengine wa mtaa walikuwa wakizurura, wa kwangu walikuwa wakifagia sebule mapema ili nisipate sababu ya kuchelewesha muvi. Umeme ukikatika katikati, na ulikuwa ukikatika sana, kila mmoja alimaliza hadithi kwa mdomo wake, na mdogo wangu wa kiume siku zote alimaliza kwa harusi.

Tangu siku ya matanga, Mzee aliacha kuniita kwa jina. Mimi, msichana wa miaka kumi na sita mwenye harufu ya samaki, aliniita Mama Mwenye Nyumba, tena mbele za watu. "Mpisheni Mama Mwenye Nyumba, ana familia inamsubiri." Wengine walicheka wakidhani ni utani. Yeye hakucheka. Mimi nilitoka pale nikitembea kama mtu mwenye hati ya kiwanja mkononi.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na hasira za karibu na kiburi kingi. Alihubiri subira, lakini ukimwambia tu mwisho wa muvi ambayo hajaiona, hakukusemesha wiki nzima. Msikitini alisali safu ya mbele, na imamu akishatoa salamu alikuwa wa kwanza kutafuta viatu, kwa sababu kuna mtu alimwacha ananing'inia dirishani kwenye muvi. Aliwaliza watu kwa mamia, lakini nilipomuuliza yeye hulia wapi, alinijibu kwamba fundi seremala halali kwenye vitanda vyote anavyotengeneza.

Na alikosea. Kuna bibi harusi mmoja wa Buzebazeba alipenda ile ya mpishi na mama mkwe, akataka inayofanana. Mzee akampa muvi ya mama mkwe anayejifanya mgonjwa ili asiachwe peke yake, na mkwe anayejua na kunyamaza. Muvi nzuri, anayeitazama anamaliza akimpenda mama mkwe. Asubuhi yake aliingia dukani mwanamke wa makamo, mwavuli mkononi, jua kali nje.

"Wewe ndiye uliyenitumia salamu kwenye TV?"

"Salamu gani, dada?"

"Kwamba mimi najifanya naumwa mgongo! Mwanangu alicheka, mkewe akacheka, mpaka jirani aliyekuja kuomba chumvi akacheka!"

"Dada, uliangalia mpaka mwisho? Mwishoni yule mama anapendwa kweli kweli."

"Mwisho nitauonaje nami nimeshakwenda kulala na mgongo wangu?"

Mwavuli ulimfika begani mara mbili. Mimi nilikuwapo, nilishindwa hata kujificha kwa kucheka. Yule mama alipoondoka, Mzee alikaa akisugua bega, na sikuwahi kumwona akikubali kosa haraka vile. "Nilimpima mteja, sikupima sebule," alisema. Tangu hapo maswali yakawa matatu: umecheka wapi, umelia wapi, na utaangalia na nani? Yule mama naye alikuja kuwa mteja wake mkubwa, akitaka zile za wakwe tu.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika.

Mwaka ule ulipofika kama mwezi wa nane, samaki waliadimika na beseni langu likawa linarudi jepesi. Mdogo wangu wa kiume alikuwa ameota mabega. Nikamwambia asiende shule wiki moja tu, aje Kibirizi anisaidie kubeba mizigo ya wasafiri wa maboti. Wiki ikawa mbili, ikaingia ya tatu. Tulikula vizuri. Nilijiambia kwamba Kasulu ni mbali na hakuna atakayesikia.

Nikaenda kwa Mzee kurudisha muvi. Hakuipuliza, hakuitazama kwenye mwanga. Aliiweka mezani.

"Leo sina muvi."

"Mzee, rafu zote hizi?"

"Sina muvi ya mtu anayemtoa mtoto darasani. Nimetafuta tangu asubuhi, haipo."

Nikajaribu kujitetea, nikamwambia habari za samaki na za unga. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka na kufunga mlango wa duka, mchana, mimi nikiwa nje. Watu wawili waliokuwa wakingoja walinitazama. Nilitembea mpaka nyumbani masikio yakiwaka. Nilimchukia siku ile, nasema kweli. Lakini kesho yake asubuhi nilimshika mdogo wangu mkono, nikampeleka mwenyewe kwa mwalimu wake nikaomba radhi, na jioni nikaenda kuomba kazi ya ziada ya kupara samaki kwa mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa akikausha migebuka. Vidole vyangu bado vina alama zake. Sizifichi.

Mwaka ulipotimia baba mkubwa alikuja. Alifika asubuhi na gunia la maharage, akasalimia "Mwakeye", salamu ya asubuhi ya kwao, tangu barabarani kama ilivyo kawaida yake, na kabla ya kukaa aliomba madaftari. Akayapitia yote, la hesabu la mdogo wangu akalirudia mara mbili. Mimi nilikuwa nimesimama jikoni nimeshika mwiko, wala hakuna kilichokuwa kinapikwa.

Mzee alikuwa ameshanipa muvi ya jioni hiyo. "Utaangalia na baba yako mkubwa," alisema, na hakuniuliza, alijua. Ilikuwa ya ndugu wawili wasiosemeshana waliorithi ng'ombe mmoja. Kila mmoja anamkamua upande wake, na wanatumana ujumbe kwa kumnong'oneza ng'ombe sikioni. Baba mkubwa na marehemu baba walikuwa wamegombana kwa ajili ya shamba la michikichi, na baba alifariki hawajasemeshana. Baba mkubwa alicheka kwa yule ng'ombe mpaka akakohoa. Kisha mmoja wa wale ndugu akafa, na yule aliyebaki akamkamua ng'ombe upande mmoja tu, upande wa pili akauacha ujae. Baba mkubwa alitoka nje. Aliporudi alisema chai ilikuwa nzuri, ingawa hatukuwa tumempa chai.

Kesho yake aliondoka peke yake. Mlangoni aliniambia, "Endelea."

Kwa miaka mingi nimesimulia habari hiyo kwa majivuno. Nyumba niliishika mimi. Mdogo wangu wa kiume leo ni fundi wa injini za maboti, ana mke na mtoto. Kitinda mimba amesoma mpaka chuo cha ualimu, na mwaka huu amepangiwa shule Kagunga, kule juu karibu na mpaka wa Burundi. Wiki iliyotangulia safari yake nikamwambia tukamuage Mzee wa Kanda.

Duka halipo tena. Watu wanapakua muvi kwenye simu, na simu yenyewe inawaambia ifuate ipi. Mzee ameisikia habari hiyo na akauliza kama simu inajua utaangalia na nani. Tulimkuta amekaa chumba kile kile, rafu tupu, macho yake yameingia ukungu. Tukamwamkia shikamoo. Alimtambua kitinda mimba kwa sauti.

"Dagaa! Umekuwa mwalimu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Wa somo gani?"

"Hesabu."

Alitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akanigeukia. "Mama Mwenye Nyumba, kuna jambo sikuwahi kukwambia. Mwaka ule, wakati wa samaki kuadimika, baba yenu mkubwa alipita hapa."

Nikasema alikuja mwisho wa mwaka, siyo wakati ule.

"Alikuja kabla. Alileta maharage mjini, akapita kwangu kwanza. Alisimama hapo hapo uliposimama. Akaniuliza, wale watoto wanasoma wote wawili? Na asubuhi ile ile mdogo wako alikuwa amepita mlangoni na mzigo kichwani."

Miaka yote ile, na bado niligeuka kutazama mlango, kana kwamba baba mkubwa yuko nje na lori la kuwachukua wadogo zangu.

"Ukasemaje?"

"Nikasema wanasoma. Nikaapa. Akapanda gari akarudi Kasulu bila hata kufika kwenu. Ulipokuja wewe kesho yake, nikakufungia mlango." Alipapasa meza akatafuta kikombe chake. "Mimi sijawahi kumpa mtu muvi ambayo sijaiona mpaka mwisho. Hata iwe foleni barabara nzima. Nyinyi niliwapendekeza kwake mkiwa katikati, tena katikati penyewe pabaya."

Kitinda mimba alikuwa akitutazama kwa zamu. Yeye wakati ule alikuwa darasa la kwanza, hakujua jinsi alivyokuwa karibu na Uvinza. "Na kama dada asingemrudisha kaka shule?" akauliza.

"Ningeonekana mwongo mpaka Kasulu. Na ningestahili."

Nikaona aibu, na juu ya aibu hiyo likaja jambo jingine kubwa zaidi. Nilikuwa nimedhani kwamba siku ile alinifungia mlango kwa sababu hana imani nami. Kumbe alikuwa ameshaiweka rehani heshima yake yote, na alikuwa ndani, nyuma ya mlango uliofungwa, akingoja kuona nitafanya nini.

"Mwalimu," alimwambia kitinda mimba, "huko Kagunga watakuuliza umelelewa na nani. Utasema nini?"

"Nitasema na dada yangu. Na nitakutaja na wewe, Mzee."

"Mimi usinitaje." Alikuwa amekipata kikombe, akakishika kwa mikono miwili. "Mimi nilisema uongo mmoja tu. Dada yako ndiye aliyeufanya kuwa kweli."